Rupia 3,798 kwa mwezi: nilichokiona kwenye takwimu za mkulima wa India

Kuna namba imenikaa kichwani wiki ya tatu sasa, rupia 3,798. Hiyo ndo hela kaya ya wakulima India ilikuwa inapata kwa mwezi kutokana na mazao yake, wastani wa nchi nzima, ukishatoa gharama za kulipia. Mwezi mzima. Ukikadiria shilingi 30 kwa rupia moja unapata kama laki moja na elfu kumi na nne za kwetu, na humo kwenye hiyo nyumba kuna watu wanne au watano, kuna ada, kuna anayeumwa, kuna harusi inakuja. Na namba hii haikutolewa na mpinzani wala mwanaharakati, ni ya serikali yenyewe, utafiti wa wizara yao ya takwimu uliohusu mwaka wa kilimo wa Julai 2018 mpaka Juni 2019 na ukatoka hadharani Septemba 2021. Zipo ripoti mpya zaidi ya hii, nitafika huko, nimeanza na hii kwa sababu ndo iliyomfungulia mkulima daftari lake lote, anachovuna, anachofuga, anachodaiwa, na kibarua anachokwenda kufanya kwa mwenzake.

Sasa mtu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, anatafuta nini kwenye takwimu za India?

Natafuta mbaazi. Nyumbani kwetu tunalima mbaazi, na mbaazi ya kusini hailiwi kusini ikaisha, inapanda lori mpaka bandarini halafu inaenda India kuwa dali. Mwaka 2017 nilikuwa bado nyumbani, magunia yamepangwa sebuleni mpaka usawa wa dirisha maana baba alikuwa anasubiri bei ipande, mwaka uliotangulia ilikuwa nzuri kweli na watu walijenga. Haikupanda. Ikashuka, ikashuka tena, wanunuzi wakaacha kupita, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kutuambia kwa nini. Wengine walisema madalali wamekula njama, wengine wakasema serikali. Baba mdogo mbaazi zake aliziacha shambani zikakauka kwenye mti, akasema kulipa watu wavune ni kujiongezea hasara.

Nilikuja kujua sababu miaka baadae kwa kusoma takwimu za watu wengine. India ilipata mvua mbovu miaka miwili mfululizo, 2014 na 2015, dali ya mbaazi ikafika kama rupia 200 kwa kilo huko mijini, watu wakalalamika, serikali ikapandisha bei ya chini inayowatangazia wakulima kabla ya msimu na kuwaambia limeni. Julai 2016 wakasaini mpaka mkataba na Msumbiji wa kununua jamii ya kunde. Halafu mvua ikarudi. Wakulima wa Karnataka na Maharashtra nao walikuwa wameiona ile bei kama sisi tulivyoiona, wakalima, mavuno ya mbaazi yakatoka tani milioni 2.56 yakafika tani milioni 4.87 ndani ya msimu mmoja. Soko likafurika, bei huko kwao ikaanguka chini ya ile bei ya serikali ya rupia 5,050 kwa kwinto, yaani kilo mia, na Agosti 2017 India ikaweka kikomo, mbaazi za kutoka nje zisizidi tani laki mbili kwa mwaka. Laki mbili kwa nchi zote zinazouza pale. Hayo ndo yalikuwa magunia ya sebuleni kwetu.

Kwa hiyo mimi nikisoma ripoti ya kilimo ya India naisoma kama mtu anayesoma habari za jirani ambaye ukuta wake ndo ukuta wangu. Mpaka upepo ni mmoja, huu kusi unaosukuma majahazi pwani yetu ndo unaowapelekea wao mvua za Juni, na shamba la kule Kalaburagi, ambako mbaazi ndo sifa ya mji, linaanza kupandwa kusi ikiwa imekolea. Mvua yao ikiwa nzuri bei yetu inakuwa na mashaka. Kusema hivi kunaniuma kidogo, maana ni kama vile namuombea mwenzangu ukame, na mi simuombei, ndo maana nimetaka kujua huyu mwenzangu anaishije.

Basi turudi kwenye ule utafiti.

Kaya ya wakulima kwa wastani ilipata rupia 10,218 kwa mwezi ukijumlisha vyanzo vyote. Mazao 3,798. Mifugo 1,582. Biashara ndogondogo nje ya kilimo 641. Kukodisha ardhi 134. Halafu mishahara na vibarua, rupia 4,063. Soma tena hapo taratibu. Kitu kinachoingiza hela nyingi kuliko vyote kwenye nyumba ya mkulima wa India sio shamba lake, ni kuuza nguvu zake kwa mtu mwingine. Miaka sita kabla, kwenye utafiti kama huo wa 2012-13, mazao ndo yalikuwa yanaongoza. Yalipinduana hapo katikati, wakati nchi imekaa inahesabu magunia.

Na tena hiyo 10,218 ni hesabu ya gharama ulizotoa mfukoni tu, ukiingiza na vile vitu vya nyumbani ambavyo hukununua ila vimetumika shambani, kipato kinashuka mpaka 8,337. Hii hesabu ya pili ndo naiamini zaidi. Kwetu mbegu ya akiba bibi anaitunza juu ya jiko mwaka mzima moshi uipige isibunguliwe, hakuna anayeiita gharama, lakini ukiipanda si umeila.

Niliangalia pia walimuhesabu nani kuwa mkulima maana humo ndo mambo mengi yanajificha. Walisema kaya ya wakulima ni ile iliyopata mazao au mifugo ya zaidi ya rupia 4,000 kwa mwaka na ina angalau mtu mmoja anayejishughulisha na kilimo chake mwenyewe. Kumiliki ardhi sio sharti. Naipenda hiyo, ina heshima ndani yake, kwa sababu mkulima wa kukodi na mkulima wa kugawana mavuno anaingia. Kwa kipimo hicho wakapata kaya kama milioni 93. Lakini fikiria kiwango chenyewe, rupia 4,000 kwa mwaka ni kama laki na ishirini za kwetu, hivyo ndani ya kapu moja yupo mtu mwenye trekta mbili Punjab na yupo mama mwenye mbuzi watatu na kipande cha mpunga Jharkhand. Wastani wa Punjab ulikuwa rupia 26,701 kwa mwezi, wa Jharkhand 4,895. Ukisema mkulima wa India unakuwa umemsema nani hapo?

Ardhi nayo inazidi kukatwakatwa. Sensa yao ya kilimo ya 1970-71 ilikuta shamba la wastani ni hekta 2.28, ya 2015-16 ikakuta hekta 1.08, na wenye chini ya hekta mbili ni kama 86 katika kila mia. Baba anakufa, wana wanne wanagawana, nao wanazaa. Hakuna cha kueleza sana hapo, kila mtu aliyezaliwa kijijini anajua hii hesabu inavyokwenda.

Madeni ndo yalinifanya nifunge simu nikatembea nje kidogo. Nusu ya kaya za wakulima, asilimia 50.2, zilikuwa na deni, wastani wa deni rupia 74,121. Andhra Pradesh ni asilimia 93. Karibu kila nyumba! Serikali yao inasema, na ni kweli, kwamba sehemu kubwa ya mikopo, kama asilimia 70, inatoka benki na vyama vya ushirika, sio kwa wakopeshaji wa mtaani kama zamani. Ila kama moja ya tano bado inatoka kwa mkopeshaji wa riba. Huko kaskazini wana mtu wanamwita arhtiya, huyu ni dalali wa sokoni, anakuuzia mazao yako, na wakati huohuo yeye ndo anakukopesha hela ya mbolea, ya msiba, ya harusi, halafu ukivuna unapeleka kwake, huwezi kupeleka kwingine maana ushakula hela yake. Mtu wa Lindi na Mtwara akisikia hivyo haelezwi mara mbili, hiyo ni kangomba, ile ya kupewa hela mapema kwa mazao ambayo bado hujavuna.

Na kuna takwimu nyingine ya serikali hiyohiyo, inatoka ofisi ya kumbukumbu za uhalifu, nimeisoma mara moja na sitaki kuirudia sana. Mwaka 2022 watu 11,290 wa sekta ya kilimo walijiua India. Wenye mashamba 5,207, vibarua wa mashambani 6,083. Watu wakizungumzia msiba huu wanasema wakulima, wakulima, na ni sawa, lakini vibarua ni wengi zaidi na ndo wale wasio hata na jina kwenye karatasi ya shamba.

Sasa weka hayo pembeni halafu fungua magazeti. Habari kubwa ya kilimo India ni tani. Msimu wa 2024-25 walivuna nafaka na jamii ya kunde jumla tani milioni 357.7, haijawahi kutokea kwao, mchele peke yake tani milioni 150. Mwaka 1950-51, nchi ikiwa changa, walikuwa na tani kama milioni 51. Siibezi hata kidogo. Hii ni nchi iliyokuwa ikipokea meli za ngano za msaada miaka ya sitini, leo watu wapatao milioni 800 wanapewa kilo tano za nafaka bure kila mwezi na bado ghala zinajaa. India ilipozuia mchele mweupe usitoke nje Julai 2023 bei zikatikisika mpaka huku Afrika. Hayo ni mafanikio ya kweli na walioyafanya ni wale wa rupia 3,798.

Hapo ndo ninapogomea. Tani zinaongezeka, anayezilima anakwenda kibarua. Februari 2016 Waziri Mkuu Modi alisema kipato cha mkulima kitakuwa mara mbili ifikapo 2022, ahadi kubwa hiyo na ilikuwa na maana kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alikuwa anapimwa kwa kipato na sio kwa gunia. 2022 ikaja ikapita. Ule utafiti wa kaya za wakulima haukurudiwa mwaka huo, kwa hiyo kipimo kilekile kilichotumika kabla hakikuwepo cha kuonyesha ndio au hapana.

Kilichopo ni utafiti wa NABARD, ile benki ya serikali ya maendeleo ya kilimo na vijijini, wa mwaka 2021-22, uliotoka Oktoba 2024. Huu una habari nzuri na lazima niziseme. Kipato cha kaya ya kijijini kimetoka rupia 8,059 kwa mwezi mwaka 2016-17 kikafika 12,698, na kaya za kilimo zimefika 13,661. Na humo kulima ndo chanzo cha kwanza kwa kaya za kilimo, karibu theluthi moja ya kipato, inafuata ajira za serikali na za watu binafsi kama robo, halafu vibarua asilimia 16. Kwa hiyo mtu anaweza kuniambia umeona, shamba limerudi mbele. Sawa, lakini hata humo theluthi mbili za hela ya mkulima hazitoki kwenye kulima, na matumizi ya kaya za vijijini yamepanda kutoka 6,646 mpaka 11,262, yamekimbia kuliko kipato, na wenye madeni wameongezeka kutoka asilimia 47 mpaka 52. Hela imeingia kwa mlango wa mbele ikatokea wa nyuma.

Kuna ripoti ya matumizi ya kaya pia, ya 2023-24. Mtu wa kijijini anatumia rupia 4,122 kwa mwezi, wa mjini 6,996, na pengo kati yao limepungua, zamani wa mjini alimzidi wa kijijini kwa asilimia 84, sasa ni kama 70. Wanakula nafaka kidogo kuliko zamani wanakula maziwa na mayai zaidi. Nilifurahi kusoma hivyo, nisiseme uongo.

Ila hii ripoti ina historia yake. Utafiti kama huo ulifanyika 2017-18, watu wakaenda vijijini, wakahoji, wakajaza, halafu serikali ikakataa kuutoa. Novemba 2019 gazeti la Business Standard likachapisha yaliyovuja, kwamba matumizi ya mtu wa kijijini yalikuwa yameshuka kwa asilimia 8.8 ukilinganisha na 2011-12. Serikali ikasema data zina kasoro, ikazitupa. Nchi ikakaa miaka 11 bila namba hizo. Na sensa ya watu ya 2021 haikufanyika, wakati walikuwa hawajawahi kukosa tangu 1881, imesogezwa mpaka 2027, kwa hiyo hata hizo kilo tano za bure zinagawiwa kwa hesabu ya watu wa 2011, na aliyezaliwa au kuolewa baada ya hapo inabidi apiganie nafasi ya mwingine itokee. Inasikitisha zaidi kwa sababu hii ndo nchi iliyofundisha dunia kuhesabu kijiji. Prasanta Mahalanobis alianzisha utafiti wao wa sampuli mwaka 1950, nchi haina hela, barabara hakuna, wakaweza, na mpaka leo siku yake ya kuzaliwa, tarehe 29 Juni, ndo siku ya takwimu ya taifa. Nadhani mtu aliyemfungulia mhoji mlango akamtajia mpaka deni la mkopeshaji, jambo ambalo hajamwambia hata kaka yake, ana haki ya kuona majibu yake yanatoka.

Wanawake nimewaweka hapa sio kwa sababu ni wa mwisho, ni kwa sababu ndo sehemu iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Utafiti wa ajira unasema wanawake wa vijijini walio kwenye nguvu kazi wametoka asilimia 24.6 mwaka 2017-18 wakafika 47.6 mwaka 2023-24, kwa harakaharaka unapiga makofi, karibu mara mbili. Halafu unauliza wamekwenda kufanya kazi gani. Karibu 77 katika kila mia ya wanaofanya kazi wako kwenye kilimo, wameongezeka humo wakati wanaume wa vijijini wanakitoka, wamebaki kama nusu. Na sehemu kubwa yao, kama wanne katika kila kumi, wameandikwa wasaidizi wa shughuli za familia wasiolipwa. Mwanaume anakwenda mjini kujenga maghorofa, mke anabaki na shamba, na mashamba yanayoendeshwa kwa jina la mwanamke kwenye sensa ya kilimo ni kama 14 tu katika mia. Zile rupia 6,000 kwa mwaka ambazo serikali yao inawatumia wakulima kwa mafungu ya 2,000 tangu 2019 zinafuata jina la mwenye ardhi. Mama yangu amelima miaka 30 na kitabu cha chama cha msingi kina jina la baba, na malipo ya mnada yanaingia kwenye akaunti ya baba, kwa hiyo hapo sikuhitaji kuelezwa.

Jumapili nilipiga simu nyumbani. Nikamsalimia baba, shikamoo, marahaba mwanangu, nikamwambia nimekuwa nasoma habari za wanaonunua mbaazi zetu. Akauliza kitu cha kwanza ambacho ningejua atauliza, wenzetu huko wanalipwa shingapi? Nikamwambia serikali yao imetangaza rupia 8,000 kwa kwinto kwa msimu wa 2025-26, yaani rupia 80 kwa kilo, kama 2,400 hivi za kwetu. Akanyamaza. Halafu akasema, hiyo ni iliyotangazwa, anayeipata ni nani?

Nikamwambia kuna kamati ya serikali yao iliandika mwaka 2015 kwamba waliouza kwa serikali kwa bei ya aina hiyo ni kama asilimia sita tu ya wakulima.

"Na hao waliobaki?"

Wanauza kwa wanaokuja kununua, baba.

Akasema ngoja amwite mama naye nimweleze, maana yeye ndo yuko shambani sasa hivi na anataka kujua kama alipe watu wa palizi ya pili au aiache.